Mzazi Aruhusiwe Kuvuka Geti

Shule ya awali inayomzuia mzazi kuvuka geti katika siku za mwanzo za mtoto wake inamwanzisha mtoto huyo vibaya. Ninaandika hivi nikijua kwamba shule kadhaa hapa Arusha, zikiwamo zenye majengo mazuri na walimu wenye nia njema, zinaihesabu kanuni hiyo kuwa alama ya nidhamu. Siku ya kuandikisha tunaelezwa kwamba mtoto atakabidhiwa kwa matroni mlangoni, kwamba kilio ni cha wiki moja au mbili, na kwamba mzazi anayegeuka nyuma kumtazama ndiye anayemdekeza. Ukiuliza zaidi, unajibiwa: mwache tu, mama, atazoea.

Mtoto wetu wa kiume alianza Januari akiwa na miaka mitatu na nusu. Kabla ya hapo alikuwa akishinda kwa bibi yake Tengeru, mahali ambapo alijua kila mtu kwa jina, alijua ni nani wa kumwendea akiumwa tumbo, na alizungumza Kiswahili chenye maneno ya Kimeru aliyoyaokota kwa bibi. Kisha, kwa asubuhi moja, vyote hivyo vikabadilika. Basi la shule lilimchukua Moshono saa kumi na mbili kamili, wakati bado ni giza, kwa kuwa jua letu huchomoza yapata saa kumi na mbili na nusu. Likazunguka Kijenge na Njiro likikusanya wenzake mmoja mmoja, hata akafika darasani amekwisha kuchoka kabla siku haijaanza. Baada ya muda mfupi alianza kurudi na chakula chake kikiwa hakijaguswa. Akaanza tena kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Jumapili jioni alikuwa akiuliza kama kesho ni shule, na akijibiwa ndiyo hakulia, bali alinyamaza na kukataa kula.

Kilichotusumbua zaidi mimi na mume wangu kilikuwa habari ya choo. Shule hiyo ni ya mchepuo wa Kiingereza, na kanuni yake ni kwamba Kiswahili kinaishia getini. Mtoto alikuwa akirudi na nguo zilizolowa ndani ya mfuko wa plastiki, na katika daftari la mawasiliano tuliandikiwa, kwa adabu, kwamba tumfundishe kuomba ruhusa. Tulidhani anasahau kwa sababu ya michezo. Dada anayetusaidia nyumbani ndiye aliyemuuliza taratibu wakati anamwogesha, naye akamjibu kwamba hajui kusema. Alijua vizuri kabisa kuomba kwenda chooni. Hakujua kuomba kwa Kiingereza, na alikuwa ameona wenzake wakirudishwa kuketi mpaka waseme sawasawa. Kwa hiyo alichagua kubana, na aliposhindwa alivumilia aibu mbele ya darasa zima. Mwalimu wake, ambaye ni mwanamke mpole na ninamheshimu, aliona ukaidi pale palipokuwa na hofu, kwa kuwa kanuni ilimnyima njia pekee ya kuujua ukweli, yaani kumuuliza mtoto kwa lugha anayoielewa.

Sikipingi Kiingereza. Tulilipa ada tukikitaka, kama wazazi wengi wa mji huu unaoishi kwa utalii. Ninachopinga ni kumnyang'anya mtoto wa miaka mitatu lugha ambayo kwayo anaweza kusema kwamba anaumwa, amepigwa, au ana kiu, tena katika asubuhi ileile anapotengwa na watu anaowajua. Katika madarasa ya awali ya shule nyingi za Serikali lugha ya kufundishia ni Kiswahili, na kwa jambo hili mtoto wa jirani yetu, anayesoma shule ya umma isiyo na bembea wala zulia, alianza akiwa na heri kuliko wetu.

Hoja ya kumruhusu mzazi awe karibu ina mizizi hapa hapa Afrika Mashariki. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyezaliwa Marekani na kukulia Kanada, aliishi Uganda mwaka 1954 na 1955 akiwatazama akina mama na watoto wao wachanga katika vijiji vilivyo karibu na Kampala. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika wa mama yake humtumia kama kituo: hutambaa kwenda kugusa na kuchunguza vitu, hugeuka kumtazama, hurudi, kisha huenda tena mbali zaidi. Wale walikuwa wachanga, nasi tunazungumzia watoto wa miaka mitatu na minne, lakini yeyote aliyempeleka mtoto wa umri huo kwenye harusi ya ukoo ameliona jambo hilohilo. Mtoto hung'ang'ania gauni la mama kwa nusu saa ya kwanza, na baadaye humwoni tena mpaka chakula. Hakuna aliyemng'oa kwa nguvu; alijiachia mwenyewe kwa sababu alijua mama yuko pale.

Kuna mahali ambapo shule zimejengwa juu ya elimu hiyo. Katika utaratibu uliobuniwa Berlin katika miaka ya 1980, na ambao leo unafuatwa na vituo vingi vya watoto nchini Ujerumani, mzazi hukaa chumbani na mtoto kwa muda wa saa moja hivi katika siku tatu za mwanzo bila kuondoka. Siku ya nne huaga waziwazi na kutoka kwa muda usiozidi nusu saa, huku akibaki jirani. Kinachoamua kama muda huo uongezwe ni kama mtoto, akilia, anakubali kubembelezwa na mwalimu. Hapo ndipo ninapoona kosa la kauli ya atazoea: kipimo chake ni ukimya. Mtoto aliyenyamaza kwa sababu amempata mtu wa kumwegemea, na yule aliyenyamaza kwa sababu ameona kulia hakumletei mtu, wanafanana wakitazamwa kutoka mlangoni.

Walimu nao wana hoja zao, na baadhi nazikubali. Ni kweli kwamba kuaga kunakorefushwa, kwa mzazi kurudi mara ya pili na ya tatu, humwongezea mtoto mashaka. Ni kweli pia kwamba mzazi mmoja mwenye wasiwasi anaweza kulivuruga darasa zima. Sikubali ushauri wa kutoroka mtoto akiwa ametazama pembeni, maana mtoto aliyetorokwa mara moja hathubutu tena kutazama pembeni. Ugumu wa kweli uko kwenye idadi. Mwongozo wa nchi yetu ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, lakini madarasa mengi ya shule za umma yana watoto wengi kuliko hao mara kadhaa. Mwalimu wa darasa kama hilo hawezi kumbeba kila anayelia, wala sitaki kumlaumu. Vilevile mama mwenye meza ya nyanya katika soko la Kilombero hawezi kukaa shuleni asubuhi nne mfululizo. Lakini bibi anaweza, au shangazi, au dada wa nyumbani, ilimradi mtoto amjue. Tena shule inayotoza ada kama ile tunayolipa haiwezi kujitetea kwa uhaba wa watu.

Serikali yenyewe imekwisha kuonyesha inaelekea wapi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitaka mtoto apate elimu ya awali kwa muda usiopungua mwaka mmoja kati ya umri wa miaka mitatu na mitano, na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, iliweka ujifunzaji wa awali bega kwa bega na malezi yenye mwitikio, yaani mtu mzima kuisoma ishara ya mtoto na kuijibu. Mwaka 2023 yakatolewa maelekezo ya kuzuia bweni kwa wanafunzi wa awali hadi darasa la nne, kwa msingi kwamba watoto wa umri huo wanahitaji kulelewa na familia zao. Ikiwa familia ina uzito wa kiasi hicho usiku, sioni kwa nini ihesabiwe kuwa kikwazo saa mbili asubuhi.

Niseme pia, kwa ufupi, kwamba si kila kilio ni cha ugeni wa shule. Mtoto aliyekwisha kuzoea kisha akageuka ghafla, anayemwogopa mtu mmoja mahususi, awe wa basi au wa darasani, au mwenye alama mwilini asizoweza kuzieleza, anahitaji kusikilizwa siku hiyohiyo, na mzazi asisubiri wiki mbili za atazoea ziishe. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bila malipo.

Kwa upande wetu, tulikwenda kwa mwalimu wa darasa tukiwa wawili, bila hasira, tukamweleza habari ya choo. Alisikitika, na tangu siku hiyo akawaruhusu watoto wa darasa lake kuomba kwa Kiswahili. Uongozi ulichelewa kidogo, kisha ukakubali bibi aje kutoka Tengeru na kukaa barazani, mlango ukiwa wazi, mpaka saa ya uji. Mtoto alikuwa akichungulia, anamwona, anarudi mkekani. Siku moja mwalimu alituambia kwamba ameanguka uwanjani na kumkimbilia yeye badala ya bibi, na baada ya hapo bibi akaacha kuja. Jumatatu bado ni ngumu, hasa sasa kwenye baridi ya Julai, na basi bado linapita kungali giza.

Katika kikao cha wazazi kabla ya shule kufungwa nitaomba watoto wapya wa Januari wasianze wote siku moja, bali waingie wachache wachache, kila mmoja na mtu wake, na wasipande basi mpaka walizoee darasa. Nitaomba pia kila mwalimu wa awali aruhusiwe kumjibu mtoto kwa Kiswahili kila anapolia, anapoumwa au anapotaka kwenda chooni. Wazazi wenye watoto katika shule nyingine za Njiro, Sakina na hata Moshi wanaweza kuyapeleka maombi hayo kwenye vikao vyao pia, kwa sababu hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji jengo jipya wala ada kuongezwa.