Mjumbe, baraza na hakimu: aliyepigwa aanzie wapi?

Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Mjumbe wa mtaa anayegongewa mlango saa saba usiku na mwanamke aliyevimba uso anaijua methali hiyo, na mara nyingi ndiyo inayomwongoza. Anamkaribisha ndani, anamtuliza, anampigia mume simu. Asubuhi wanaitwa wazee wa pande zote mbili, na mshenga kama bado yupo. Mume anaambiwa aombe radhi, pengine atozwe kitu, na jambo linahesabiwa limeisha kifamilia.

Ni rahisi kuibeza njia hii ukiwa umekaa mbali nayo. Lakini takwimu zinaonyesha ndiko watu waendako. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta kwamba wanawake 4 kati ya 10 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili mwingine wa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Kati ya waliotafuta msaada, wengi walikimbilia kwa ndugu zao. Polisi walifikiwa na wachache.

Wengine wanasema ni woga au kukosa elimu ya sheria. Mimi naona kuna hesabu ndani yake. Mwanamke huyo wa saa saba usiku, ukimuuliza anataka nini, hatakwambia anataka mumewe apelekwe gereza la Segerea. Anataka kipigo kikome. Kodi ya chumba analipa mume, ada ya watoto vilevile. Mahakama ikimtoza faini, fedha hiyo inatoka kwenye mfuko uleule unaonunua unga na inakwenda serikalini. Wazee wakimtoza, angalau inamfikia mke au wazazi wake. Kisha kuna mzunguko wenyewe: kituoni kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha, hospitali ijazwe, irudishwe kituoni, upelelezi, tarehe ya kesi, tarehe nyingine, nauli kila mara. Shambulio la kawaida lina dhamana, kwa hiyo jioni mshtakiwa anaweza kuwa amerudi nyumbani, amekaa kwenye kochi lilelile, na safari hii ana kinyongo.

Hata sheria yenyewe inapenda suluhu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu hakimu kuwapatanisha watu katika mashauri ya shambulio la kawaida. Sheria ya Ndoa ya 1971 imekwenda mbali zaidi: kifungu cha 101 kinataka mgogoro upite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa, ndipo mtu afungue shauri la talaka. Mabaraza haya yapo kwenye kata, yapo ya BAKWATA, yaani baraza kuu la Waislamu, yapo ya makanisa. Waliotunga sheria walikuwa na sababu yao. Ndoa nyingi hugombana na kupatana, na mtu aliyeamka na hasira Jumatatu huenda Ijumaa akawa anapika pilau.

Ajabu ni kwamba sheria hiyohiyo, kwenye kifungu cha 66, inatamka wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inasema vingine. Hiyo ni 1971. (Na kifungu hakichagui: mume anayepigwa naye amo, ingawa kituoni huenda akachekwa kabla ya kusikilizwa.) Kilichokosekana ni namna ya kukifanya kifungu hicho kisimame usiku ule mlango unapogongwa.

Hapa ndipo upande wa pili wa mjadala unapopata nguvu. Usuluhishi unadhani kuna watu wawili wenye sauti sawa waliokosana. Kwenye kipigo sauti si sawa. Mke anakaa mbele ya wazee akijua atarudi na mtu huyuhuyu nyumba ileile, kwa hiyo anapima kila neno. Swali la kwanza ambalo wengi hulisikia ni "Ulimfanya nini?", na likishaulizwa tu, kosa limegawanywa nusu kwa nusu. Kikao kinaahirishwa kwa sababu mume hakutokea, kinapangwa kingine, mwezi unakwisha. Baraza halina mamlaka ya kumtoa mume nyumbani wala kumzuia asimsogelee mkewe. Kazi yake ni kupatanisha, na likishindwa, kuandika kwamba limeshindwa.

Amri ya kumzuia mtu asimsumbue mwenzi wake ipo kwenye Sheria ya Ndoa. Tatizo ni mahali ilipowekwa: mahakama huitoa ndani ya shauri la ndoa, au baada ya ndoa kuvunjwa au wenzi kutenganishwa. Fikiria maana yake. Mwanamke asiyetaka talaka, anayetaka tu asipigwe, hana njia ya moja kwa moja ya kuifikia amri hiyo. Anayetaka talaka naye lazima aanzie barazani. Sheria inataja hali za pekee zinazoweza kumruhusu mtu asipite huko, lakini hoja ya namna hiyo inajengwa na anayejua kuijenga, na wengi wanafika mahakama ya mwanzo bila wakili.

Majirani wamejaribu njia nyingine. Kenya ilipitisha sheria ya kujikinga na ukatili wa nyumbani mwaka 2015. Mtu anaweza kuomba amri ya ulinzi bila kugusa talaka, hakimu anaweza kutoa ya muda kabla hata mlalamikiwa hajasikilizwa, na ulinzi unawahusu hata wachumba na waliokwisha kuachana. Wanaoshuku sheria za namna hii wana jibu: mnamo Januari 2024 maelfu ya Wakenya waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, wakati sheria hiyo ilikuwa na karibu miaka 9. Jibu hilo si la kupuuzwa. Amri ni karatasi, na inahitaji polisi wa kuifikisha na wa kurudi kesho yake kuona kama inafuatwa.

Uganda, kwa sheria yake ya 2010, ilifanya kitu ambacho kwangu kina akili zaidi kwa mazingira yetu. Iliwaacha wazee mahali pao, ikawapa mipaka. Mahakama za halmashauri za mitaa zinaweza kusikiliza malalamiko ya ukatili wa nyumbani na kuamuru fidia, onyo au kuombana radhi. Lakini mtuhumiwa akiwa amerudia kosa, au akionekana anaweza kudhuru tena, shauri linapaswa kupelekwa polisi na kwa hakimu. Mzee hapatanishi tena, anakabidhi.

Tanzania haina sheria maalumu ya ukatili wa nyumbani, ila haikukaa bure. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Hospitali ya Amana, Dar es Salaam, ina kituo cha huduma za pamoja, ambapo daktari, polisi na mshauri hukutana na mtu mahali pamoja, na Zanzibar vituo vya aina hiyo vinaitwa Mkono kwa Mkono, jina zuri kuliko yote niliyosikia kwenye nyaraka za serikali. Mashirika ya WLAC na TAWLA, la pili likiwa chama cha wanasheria wanawake, yamekuwa yakitoa msaada wa kisheria kwa wanawake kwa miongo kadhaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, watu wa mtaani waliopata mafunzo ambao si mawakili.

Hao wasaidizi nawapa uzito kuliko wanavyopewa kwenye mijadala. Wao wanaweza kukaa kwenye kikao cha wazee na kukibadilisha bila kukivunja. Chukua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ambapo mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe alizitumia vibaya, lakini kanuni ikabaki. Mwanamke anayeijua hakai kikaoni kama anayeomba kuhurumiwa. Na anayeambiwa "wewe hata ndoa huna" akijua kwamba kuishi pamoja miaka 2 na kutambuliwa kama mke na mume kunajenga dhana ya ndoa, atamtazama msemaji usoni.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuvunja mabaraza. Ninachokipinga ni kuyafanya lango la kila mtu. Swali la kwanza barazani lingekuwa kama kuna kipigo, na mke aulizwe peke yake, mume akiwa nje. Jibu likiwa ndiyo, usuluhishi usimame, hati ya baraza itoke siku hiyohiyo, na amri ya zuio iombwe mahakama ya mwanzo bila sharti la kudai talaka. Kuna watakaosema wanawake wataomba amri leo na kuifuta kesho, kama wanavyoondoa kesi. Wengine watafanya hivyo. Ila wengi wanaoondoa kesi wanakimbia jela ya mume na njaa ya watoto, na amri ya zuio haimfungi mtu mpaka aivunje. Iko karibu zaidi na kile alichokiomba tangu mwanzo kuliko faini ya hakimu au radhi ya mbele ya wazee.

Linabaki suala ambalo sheria peke yake haitalimaliza, la mahali pa kulala. Nyumba salama zipo chache, na zinazojulikana zaidi, kama ile ya Masanga kule Tarime, zilianzishwa kwa ajili ya mabinti wanaokimbia ukeketaji. Mama mwenye watoto watatu, mmoja mgongoni, anahitaji usiku mmoja au wiki mbili, karibu na shule yao na karibu na genge lake la nyanya. Mjumbe akishampigia dawati simu usiku ule, bado atamtandikia mkeka sebuleni kwake, huku mume akijua nyumba ya mjumbe iko wapi.