Jiwe la Waingereza: urithi au amri ya serikali?

Mwingereza akiulizwa uzito wake, mara nyingi hataji kilo. Atasema ana "stone" kumi na moja na ratili nne, na Mswahili aliyetoka Tanga akahamia Leicester atabaki akipiga hesabu kichwani. Neno lenyewe halina fumbo: ni jiwe. Jiwe moja ni ratili 14, yaani kilo 6.35 hivi, kwa hiyo huyo mtu ana karibu kilo 72.

Asili yake ni sokoni. Muuzaji aliweka jiwe upande mmoja wa mizani na mali upande wa pili, na sisi mpaka leo vyuma vya dukani tunaviita mawe ya mizani. Wizi nao ni wa zamani vilevile. Katika Biblia, Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza mtu kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo.

Wanaolitetea jiwe husema ni urithi wa mababu, na kwamba kilo ni mgeni aliyeletwa kwa nguvu ya sheria. Hoja hii inagusa moyo, lakini historia haiiungi mkono. Waingereza wa zamani hawakuwa na jiwe moja. Kanuni za vipimo za mnamo mwaka 1300 zinataja jiwe la kupimia madini ya risasi la ratili 12, jiwe la kupimia nta, sukari, pilipili manga na lozi la ratili 8, na la kioo la ratili 5 tu. Sufu, iliyokuwa mali kubwa ya kuuza nje, ilikuja kuwekewa ratili 14 na Mfalme Edward III katika karne ya 14, lakini wachinjaji wa London waliendelea na jiwe lao la ratili 8 kwa karne nyingi. Ng'ambo ya bahari mambo yalikuwa yaleyale: jiwe la Prussia, dola la zamani la Wajerumani, lilikuwa na ratili 22 za huko. Ni sheria ya Bunge ya mwaka 1835 iliyoamuru kwamba jiwe ni ratili 14 nchi nzima. Kwa maneno mengine, hilo jiwe la mababu nalo lililetwa kwa amri, na liliyafuta mawe ya vijijini kama kilo ilivyokuja kulifuta lenyewe.

Hata hivyo sikubaliani na wanaolicheka. Lina faida moja ambayo kilo haina: ukubwa wake unaufaa mwili wa binadamu. Kilo moja hupanda na kushuka kwa chakula na maji ya siku moja, lakini aliyepungua jiwe zima ataambiwa na suruali yake kabla ya mizani. Ndiyo maana limeng'ang'ania kwa watu wanaopunguza unene, na pia kwa mabondia na wapanda farasi wa mashindano. Wamarekani, waliorithi ratili kutoka kwa Waingereza haohao, hawalitumii. Hujitaja kwa ratili tupu, 158 kwa mfano, jambo ambalo kwa Mwingereza halimpi picha yoyote.

Tatizo liko hospitalini. Dozi nyingi, hasa za watoto, hukokotolewa kwa kilo. Mzazi anayetaja mawe na ratili anamlazimu muuguzi azidishe kwa 14, ajumlishe, kisha ageuze kuwa kilo. Kila hatua ni nafasi ya kukosea, na dawa haina msamaha. Hapo sioni cha kubishania: mizani ya wodini ioneshe kilo peke yake.

Sokoni jiwe lilikwishashindwa. Sheria ya vipimo ya mwaka 1985 ililiondoa katika vipimo vya biashara. Mwaka 2022 serikali ya Uingereza, baada ya kutoka Umoja wa Ulaya, ikauliza wananchi kama wanataka vipimo vya zamani vipewe nafasi zaidi. Majibu yalizidi 100,000, na asilimia 98.7 walitaka vipimo vya kilo na mita. Ni kweli wanaojibu maswali ya namna hiyo ni wenye ari, si taifa zima, na swali lilihusu kununua na kuuza, si mizani ya bafuni. Huko bafuni hakuna sheria inayomkataza mtu kujipima kwa mawe, wala sioni sababu ya kuitunga.