Bei ya Tani Umeitoa Wapi?

Jamani, mwenye lori mgeni barabarani humjui kwa lori. Unamjua ukimuuliza bei ya kubeba tani moja Dar hadi Tunduma: anajibu kabla hujamaliza swali. Umeitoa wapi? "Ndiyo wanayobebea wenzangu." Haya. Wenzako benki walishamalizana nayo. Wenzako wana mzigo wa kurudi. Wewe una marejesho, na shemeji amekuja kuwa utingo.

Tushike kalamu basi. Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, tuseme 900. Semi ya ekseli sita, yaani kichwa na tela lake, ikishiba mzigo inakunywa kama lita 50 kila kilomita 100, maana kuna mlima wa Kitonga pale, inapanda kwa gia ambayo hata kobe angewasha indiketa aipite. Hizo ni lita 450. Kurudi tupu, lita 32 kwa kilomita 100, ni 288. Ila mteja analipa ya kwenda tu! Kurudi anadhani lori linasukumwa na upepo. Jumla lita 738. Tuseme lita ni shilingi 3,000: ni 2,214,000, na dereva hajanywa chai.

Tairi sasa. Mbele mbili, ekseli mbili za nyuma za kichwa nane, tela kumi na mbili: 22. Hao si tairi, ni ukoo. Tuseme moja ni 600,000 na seti inadumu kilomita 80,000. Kila kilomita unasaga shilingi 165, kwenda na kurudi 297,000. Hela hiyo haitoki leo, ndiyo maana hakuna anayeiandika. Itatoka siku moja Ruaha Mbuyuni, saa nane usiku, kwa kishindo.

Halafu kuna gharama zinazokula hata lori likilala: marejesho, bima, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), mshahara, mlinzi wa maegesho. Chukulia 4,800,000 kwa mwezi. Mgeni anagawa kwa safari sita, kwa kuwa "siku mbili kwenda, mbili kurudi". Ndugu yangu, na foleni ya ghalani? Na yule wa kushusha aliyeenda msibani na funguo? Zitatimia tatu, tena ukiomba dua. Hapo kila safari inabeba 1,600,000. Weka posho ya dereva 400,000, oili, grisi na breki 200,000. Umefika 4,711,000, faida bado haijazaliwa.

Gawa kwa tani 32: kama 147,000 kwa tani, hapo unabeba bure. Ila mteja aliyeahidi tani 32, ghalani anakuonyesha 26 na tabasamu. Kwa 26 ni kama 181,000! Kwa hiyo karatasi iandikwe: bei ni ya tani 32, zikipungua unalipia 32. Akinuna, mwache anune.

Au anageuka upande wa pili: "Bosi, ongeza tani mbili tu, hazionekani." Mizani inaziona. Sheria ya Afrika Mashariki inaipa semi hiyo tani 50 kwa jumla: ekseli ya mbele 8, pacha za kichwa 18, tatu za tela 24. Kichwa na tela vitupu vimeshakula kama 18, zimebaki zako 32. Na jumla inaweza kuwa sawa ukakamatwa vilevile, kwa sababu wapakiaji wamerundika magunia nyuma kuepuka kutembea. Unapanga upya juani, vibarua unawalipa wewe.

Dizeli nayo, EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi. Wewe umeweka bei ya miezi sita! Kila shilingi 100 ikipanda kwa lita, safari inakula 73,800 zaidi. Andika kwenye mkataba bei ya lita mliyoanzia, na ikisogea, tani isogee.

Mzigo wa kurudi ndio utamu, na ndio mtego. Dalali anasema, "Si unarudi tupu bosi wangu, chukua chochote." Kurudi na mzigo kunaongeza lita kama 162, yaani 486,000. Ukiusubiri siku nne, kila siku inakula 160,000 za gharama za mwezi: 640,000 nyingine. Chini ya 1,126,000, kabla ya kamisheni ya dalali, bora urudi unapiga miluzi. Vivyo hivyo mteja wa kwenda: mpe saa 24 za kupakia na 24 za kushusha, zaidi ya hapo alipie siku. Na siku ianzie juu ya 160,000, isiwe chini.

Malipo? "Baada ya siku 60." Kituo cha mafuta hakijui lugha hiyo. Dai kwanza hela ya mafuta yote, 738 zote, si ya kwenda peke yake. Salio linangoja hati ya kupokea mzigo yenye muhuri. Bila muhuri, mhasibu haoni hata tani moja. Na hati yenyewe iko wapi? Chini ya godoro la kabini, imekunjwa mara nne, shemeji amefungia karanga.