Dini, ngoma na usiku: ugomvi ambao Tabora na Ujiji bado hazijaumaliza

Msimu wa harusi ukifika Tabora, mavuno yakishaingia na barabara za vijijini zikipitika, kuna mabishano yasiyokosekana kwenye vikao vya maandalizi. Ukumbi umeshapatikana, sare zimeshachaguliwa, michango inasomwa. Kisha mtu anauliza: na muziki je? Hapo kikao hugawanyika. Upande mmoja unasema harusi isiyochezwa ni msiba wenye pilau. Upande wa pili unasema ndoa iliyofungwa mbele ya Mungu haiwezi kusherehekewa kwa kukata viuno. Ujiji, mkoani Kigoma, nako ni hivyo hivyo, ila huko swali huwa ni dufu, taarabu au kaswida tupu.

Nimezisikiliza hoja za pande zote mbili kwa miaka mingi, na naziheshimu. Kinachonisumbua ni kwamba tunazirudia bila kujua zilikotoka, kwa hiyo tunagombana kwa jambo moja huku tukidhani tunagombana kwa lingine.

Tuanze na ukale wake. Mtaguso wa Laodikia, katika karne ya 4, uliwakataza Wakristo kurukaruka na kucheza kwenye harusi, ukawataka wale chakula kwa staha. Katika karne hiyo hiyo Yohane Krisostomo, akihubiri juu ya binti Herodia aliyecheza hadi kichwa cha Yohana Mbatizaji kikaletwa kwenye sinia, alisema palipo na dansi ndipo alipo shetani. Geneva ya Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti, iliwaadhibu watu waliocheza. Mwaka 1816 gazeti la The Times la London lilikuja juu kwa sababu walzi, dansi ya mwanamume kumshika mwanamke kiunoni, ilikuwa imechezwa kwenye hafla ya kifalme. Mwaka 1872 Wamethodisti wa Marekani waliiandika dansi kwenye sheria za kanisa, pamoja na kamari na ulevi, kama kosa la kumwajibisha muumini.

Nayataja haya kwa sababu moja. Mapadre Weupe waliofika Ujiji mwaka 1879, na Wamoraviani waliopokea kituo cha Urambo mwaka 1898, hawakuanza kuiogopa dansi walipowaona Wanyamwezi au Waha wakicheza. Walitoka kwao ugomvi huo ukiwa unawaka. Mababu zetu wakaambiwa kwamba ngoma zao ni ushenzi na watu ambao makanisa ya kwao yalikuwa yamepigana na dansi za wazungu wenzao kwa zaidi ya miaka elfu. Wengi wa wanaotetea ngoma leo wanasema tulidharauliwa tu kwa rangi. Dharau ilikuwepo, tena nyingi, lakini haielezi kila kitu.

Wamisionari walikuta nini, basi? Walikuta mambo matatu tofauti. La kwanza ni ngoma za ibada. Buswezi ya Unyamwezi ilikuwa chama cha watu waliopandwa na pepo: mwanachama aliingizwa kwa siri, akafundishwa lugha na miiko ya chama, na ngoma ndiyo iliyomwita pepo. Hapa padri au mchungaji alikuwa na hoja iliyonyooka. Kama unamwambia mtu amwabudu Mungu mmoja, huwezi kumruhusu akeshe akiiita mizimu. Unaweza kuikataa dini yake, lakini huwezi kusema hakujua anachokipinga.

La pili ni ngoma za kiangazi, za baada ya mavuno, watu wakiwa na chakula ghalani na kangara au wanzuki ndani ya vibuyu. Hizi zilikuwa furaha ya kawaida, mashindano ya manju na manju, vijana kutafutana wachumba.

La tatu ni beni, na hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo upinzani ulipojifunua. Beni ilizaliwa pwani ya Kenya miaka ya 1890. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na vita vilipowasomba askari na wapagazi huku na huko hadi Wabelgiji wakaitwaa Tabora Septemba 1916, beni ilisafiri nao. Wachezaji walivaa kofia na sare, wakapiga tarumbeta na ngoma kubwa, wakapita barabarani kwa hatua za gwaride. Walikuwa na wafalme wao, majenerali wao na madaktari wao wa vyeo vya kujipa. Vyama vikuu vya beni vilikuwa viwili: Marini walijiona wastaarabu, Arinoti wakatoka chini wakishindana nao, na kila upande ulitaka kuufunika mwenzake kwa mavazi na karamu. Hapakuwa na pepo hata mmoja ndani yake. Palikuwa na daftari la michango, na mwanachama akiugua au akifiwa ugenini, wenzake walimsimamia.

Hata hivyo beni nayo ilipingwa. Wamisionari waliiona kuwa anasa inayowafilisi waumini na kuwatoa kwenye mafundisho, na kwa habari ya fedha walikuwa na haki, kwani yale mashindano yaliwatia watu madeni ya kweli. Maofisa wa Kiingereza wakashuku kwamba nyuma ya majenerali wa kucheza kulikuwa na chama cha siri cha siasa. Angalia basi: ibada haimo, na kwenye gwaride la mchana hakuna aliyemkumbatia mtu. Kilichowakera kilikuwa vijana kujipanga wenyewe, kuchagua wakubwa wao na kutumia mishahara yao bila kumuuliza padri, bwana shauri wala mtemi. Hofu hiyo ilivikwa vazi la maadili, na mimi naona tumelirithi vazi hilo pamoja na dini. Mara ngapi mzee anakataa dansi, na ukimsikiliza vizuri unagundua anachokataa ni kutoulizwa?

Kwa upande wa Waislamu mjadala una kina ambacho watu wa nje hawakijui. Wanaokataza hutegemea aya ya sura ya 17 inayosema usitembee katika ardhi kwa maringo, ambayo Qurtubi, mfasiri wa Kurani, aliitumia kuilaumu dansi. Wanaoruhusu hutaja hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya Wahabeshi waliocheza na mikuki msikitini siku ya Idi, Mtume (s.a.w.) akimsitiri bibi Aisha huku akitazama mchezo wao. Mwanachuoni Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwa urefu kwamba sauti na mwendo wa mwili huamsha kilichomo moyoni, kizuri kwa mwema na kibaya kwa mbaya. Tarika ya Qadiriya, iliyoenezwa kwa nguvu katika ukanda huu na wafuasi wa Shekhe Uwais wa Barawa, aliyefariki mwaka 1909, ilifika hadi Ujiji na Tabora ikiwa na zikri zake. Watu wamesimama safu, mabega yanagusana, miili inainama na kuinuka pamoja kwa pumzi moja, na jina la Mwenyezi Mungu linatoka kifuani. Kuna masheikh wanaosema hiyo ni ibada tukufu, na wapo wanaosema ni uzushi. Wote wawili wanasoma vitabu. Kijana anayedhani dini ina jibu moja tu juu ya jambo hili hajawasikiliza walimu wake wenyewe.

Sasa niseme hoja ambayo naiona ndiyo nzito kuliko zote za wanaopinga, na ambayo watetezi wa ngoma huipita haraka. Ni hoja ya usiku. Mama wa Ng'ambo mjini Tabora au wa Mwanga mjini Kigoma hakatai dansi kwa sababu ya Laodikia. Anakataa kwa sababu binti yake wa kidato cha pili atarudi saa nane za usiku, njia haina taa, na wanaume waliokunywa tangu saa kumi na mbili jioni wanajua anapita wapi. Mimba za utotoni, ugonjwa, ndoa za haraka za kufunika aibu: mama huyu ameziona nyumba kwa nyumba. Vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha, vilipopigwa marufuku, wako waliolalamika kwamba utamaduni unauawa. Mimi sikuwaunga mkono. Sherehe inayomvua msichana nguo mbele ya watoto alfajiri haiwezi kujificha nyuma ya mababu.

Lakini tazama kinachomuumiza yule binti: giza, pombe na mwanaume asiyeogopa kitu. Ondoa ngoma, vyote vitatu vinabaki. Hapa ndipo ninapotengana na wapinzani. Miaka mia na zaidi ya mahubiri dhidi ya dansi haikuupunguza usiku, na dansi yenyewe imerudi, tena kwa mlango wa mbele wa kanisa. Uamsho uliotokea Rwanda miaka ya 1930 na kusambaa Burundi, Uganda hadi kwetu uliwataka waliookoka waache pombe na ngoma za kienyeji. Waliacha. Kisha wakawa wanaruka na kupiga makofi kwa furaha ya wokovu, hadi wamisionari wengine wakashtuka. Leo nenda kwenye harusi ya walokole Tabora. MC anatangaza kwamba hapa hapapigwi muziki wa dunia. Dakika chache baadaye spika zinaachia pambio kwa mdundo wa kongo, kamati inaingia kwa mistari miwili, mabega yanatikisika, mashangazi wanashuka hadi chini wakiwa na noti mkononi za kumtuza bibi harusi. Hakuna anayeona aibu, wala hapana sababu ya kuona. Miriamu alichukua tari akatoka na wanawake wakicheza, na Daudi alicheza mbele ya sanduku la agano kwa nguvu zake zote. Mikali aliyemdharau kwa hilo hasifiwi popote katika Biblia.

Hasara ya kuweka marufuku ya jumla ni kwamba ilikata vilivyo vyema pia. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye kufundisha St. Mary's, alilalamika katika hotuba yake ya Desemba 1962 kwamba shuleni walifundishwa nyimbo za Wazungu, na akauliza ni wangapi waliofundishwa nyimbo za Wanyamwezi au Wahehe. Vikundi vya ngoma vya wanawake ndivyo vilivyoipa TANU wanachama wake wa mwanzo wengi mjini Dar es Salaam, na Bibi Titi Mohamed alitokea huko, kwenye ngoma ya Bomba. Mji wa Tabora ulitoa Kiko Kids ya Salum Zahoro, ukatoa Tabora Jazz, na Kigoma ikatoa Lake Tanganyika Jazz. Wazazi wetu wengi walikutana kwenye dansi hizo, wakaoana kanisani na msikitini. Hata serikali huru nayo iliwahi kushikwa na hofu ile ile: mwishoni mwa 1969 mkuu wa mkoa wa Pwani alipiga marufuku muziki wa soul. Vijana waliendelea kucheza.

Ningependa viongozi wa dini wa mikoa hii miwili watumie sauti waliyo nayo mahali inapofanya kazi. Ibada ya pepo waikatae waziwazi kama ibada, hiyo ni haki yao. Kwa sherehe zilizobaki, waibane kamati na ofisi ya mtaa inayotoa kibali: muziki unazimwa saa ngapi, pombe anauziwa nani, watoto wanaondoka saa ngapi, na gari la kuwarudisha mabinti Ipuli na Cheyo limelipiwa au halijalipiwa.