Mnasihi mwanafunzi: hospitali ya rufaa au zahanati ya mtaani?

Msimu wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ukifika Moshi, ubishi ni ule ule: wanafunzi wa saikolojia ya unasihi wapelekwe wapi? Wapo wanaotaka wabaki hospitali za rufaa za hapa, KCMC au Mawenzi, ambako kesi ikiwa nzito yupo daktari wa kuipokea. Wengine, nami naegemea kwao, wanasema waende zahanati za mitaani, kwa kuwa mwenye sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, mara nyingi haanzii hospitali ya rufaa. Anaanza kwa kulalamikia kichwa, usingizi na moyo kwenda mbio, anapewa panadoli, wiki ijayo amerudi.

Lakini wanaoshikilia hospitali wana hoja. Zahanati nyingi hazina chumba cha faragha. Mwanafunzi anapewa kona pale wanapopimia watoto uzito. Mama anaanza kueleza kipigo cha nyumbani, mlango unafunguliwa, anayeingia kufuata kadi ni jirani yake. Mama anakatisha, anaaga. Na akija mtu aliyejaribu kujiua, ambalo kwa Kanuni ya Adhabu yetu ni kosa, kijana aandike nini kwenye faili? Amwambie nani?

Watetezi wa mtaa hupenda kutaja Zimbabwe, ambako tangu 2006 Dk. Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha bibi wa mtaani kusikiliza watu kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa 2016, wenye washiriki 573 katika kliniki 24 za Harare, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sawa. Kinachorukwa ni kwamba bibi wale walisimamiwa, na walikuwa na pa kumpeleka aliyewazidi uwezo. Kwetu msimamizi mara nyingi ni muuguzi mfawidhi mwenye foleni ya wajawazito, anayesaini logibuku Ijumaa jioni akiwa ameshika mkoba. Simlaumu, hakuna aliyempunguzia kazi.

Hapo ndipo ninapoachana kidogo na wenzangu. Waende zahanati, ila wawili wawili, na kila wiki warudi kueleza kesi zao mbele ya mwanasaikolojia mzoefu, majina yakiwa yamefichwa. Vyuo vitasema fungu hakuna. Basi kila awamu vipeleke wachache, wale tu ambao msimamizi mmoja anaweza kumsikiliza kila mmoja wao kwa saa nzima.