Jinsi Nilivyomuua Shofere Wetu kwa Kiingereza

Shofere wetu yuko hai. Nalisema mapema kwa sababu kuna watu Ndola ambao mpaka leo lori letu likiingia wanachungulia kwanza nani yuko nyuma ya usukani.

Mimi ni karani katika ofisi ndogo ya usafirishaji hapa Lubumbashi: meza mbili, feni moja, na patroni anayeamini kwamba kampuni isiyoandika Kiingereza ni kibanda tu. Malori yetu huvuka Zambia kufuata chokaa ya migodini. Shofere anaongea Kibemba, watu wa ghala la Ndola wanaongea Kibemba, na kila jambo lingekwisha kwa simu ya dakika mbili. Ila mimi ni mtu wa Kalemie, Kibemba changu kinaishia kwenye salamu, na patroni alikuwa amenilipia miezi mitatu ya masomo ya jioni kule Kamalondo. Alitaka kuona hela yake ikifanya kazi.

Wiki ile lori lilikwama Kasumbalesa. Toka hapa mpaka mpakani ni kilomita 90 hivi, lakini foleni ya malori haijui habari za kilomita. Siku ya nne shofere bado yuko palepale, anakula bukari kando ya tairi, asubuhi anasogea urefu wa lori moja, jioni urefu wa jingine. Patroni akaniambia: "Andikia watu wa Ndola. Shofere amechelewa, wamuwekee nafasi."

Nikafungua kamusi. Kwa Kifaransa ni en retard, kwa Kiingereza ni late. Mtu wa kiasi angeishia hapo na kuomba msaada. Mimi nilikumbuka somo la wiki ya pili, nililolipenda kuliko yote: Kiingereza hutanguliza sifa. Sisi tunasema gari jeusi, Mfaransa anasema voiture noire, lakini Mwingereza anaanza na weusi, gari linafuata nyuma. Basi shofere aliyechelewa ni late driver, hesabu imetimia. Nikaandika: "Our late driver will arrive on Thursday. Please keep a place for him." Niliisoma kwa sauti mara mbili. Feni yenyewe ilionekana kunisikiliza.

Ndola kwa kawaida hujibu baada ya siku mbili. Siku hiyo walijibu kabla chai yangu haijapoa, na jibu lilianza na neno condolences. Halikunisumbua, ni ile condoléances yetu iliyovaa koti la jirani. Nikasema moyoni, maskini, wamefiwa. Nikawaandikia kwa heshima zote kwamba na sisi tunawapa pole, Mungu awatie nguvu, na je, pamoja na msiba huo, ghala litafunguliwa Alhamisi?

Wakauliza: "Is the body still at Kasumbalesa?"

Body! Neno hilo nililijua kabla ya masomo. Mashofere wa Tanzania wanaopita mpakani wanalitaja mchana kutwa: bodi ya lori, bodi imepinda, bodi ipigwe rangi. Kamusi sikuigusa. Nikajibu kifua mbele kwamba ndiyo, body iko mpakani, leo siku ya nne, juani. Ina vumbi jingi na kwa nyuma imeanza kutoboka, lakini tuna fundi wa kuchomelea. Tukishaiosha itaendelea na safari, na wao Alhamisi waijaze chokaa mpaka juu.

Ndola wakanyamaza.

Kimya hicho ndicho kilichonipeleka kwa mwalimu jioni. Alisoma ujumbe wangu kwenye simu, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasoma tena kuanzia juu.

"Kijana," akasema, "umeua mtu."

Akanieleza. Late ikija nyuma, the driver is late, mtu huyo amechelewa tu. Ikimtangulia binadamu, my late father, our late driver, huyo ni marehemu. Treni haina taabu: late train ni treni iliyochelewa, kwa kuwa treni haizikwi. Nikamuuliza ni lugha gani hii inayompa maiti neno la mchelewaji. Sisi angalau tuna marehemu, ukilisikiliza unasikia rehema ndani yake. Akanijibu kwamba nisiwaonee Waingereza, kwani Wafaransa nao humwita marehemu feu, neno linaloandikwa sawasawa na la moto, na mimi nimeliandika kwenye matangazo ya vilio miaka yote bila kulalamika. Hapo alinipata.

Asubuhi nikatuma ujumbe mpya, mwalimu mwenyewe ameukagua, late imekaa nyuma kama mtoto mtiifu: "Our driver is late."

Jibu: "Yes, we understood. May his soul rest in peace."

Nilipomsomea mwalimu kwenye simu, alikaa kimya kidogo, kisha akasema "Aa, Zambia," kama mtu aliyekumbuka sufuria aliyoiacha motoni. Kumbe yeye alijifunza kwa vitabu vya Uingereza. Zambia wana Kiingereza chao, na kwao ukisema mtu is late, umeshamzika. Neno likae mbele au likae nyuma, shofere wangu alikuwa hana pa kupita.

Nikajaribu kumpigia mwenyewe. Laini yake ya Kongo ilikuwa imekwisha zima: alikuwa amevuka usiku.

Alirudi Jumamosi na chokaa yake, mzima, na karatasi ya matumizi. Patroni akaipitia kwa kidole: maegesho, chakula, kiraka cha tairi. Kidole kikasimama.

"Kilio, kwacha 50. Kilio ya nani?"

Shofere akavua kofia. Akasema pale getini Ndola mlinzi alimpokea kwa Kibemba, akampa pole sana. Wote walijua ametumwa kushika nafasi ya mwenzake. Daftari la michango lilikuwa mezani, kila mtu wa ghala ameandika chochote, na mama mmoja wa ofisini alikuwa anafuta machozi. Angewezaje kupita bila kutoa?

"Banasema ni shofere wa kwetu, mukubwa. Alikufia ku Kasumbalesa. Balimuacha ku jua siku ine, na kisha balitaka kumumwangia chokaa." Akatikisa kichwa. "Batu bengine habana roho."

Patroni akanigeukia polepole. Nikavuta karatasi, nikaandika kwamba kwacha 50 zikatwe kwenye mshahara wangu, nikasaini.

Shofere akanishika bega. Alidhani ninalia.

"Pole, yaya. Unionyeshe tu kwake ni wapi. Kesho kisha misa, miye na bibi yangu tutaenda kumupa pole bibi ya marehemu."