Acheni Kumuuliza Kama Bado Anaumwa

Mtu akiugua mgongo mwaka mzima hapa Kisumu, mgongo huo unakuwa wa mtaa mzima. Jirani akipita getini: "Mgongo je?" Kanisani: "Mama, mgongo unaendeleaje?" Mtoto akipiga simu kutoka Nairobi, kabla hata ya habari ya mvua, ni mgongo. Wanauliza kwa upendo, na upendo wao siutilii shaka. Lakini nimefanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, kwa muda wa kutosha kuamini kwamba swali hilo, likirudiwa kila siku, linachangia kumweka mgonjwa kitini. Afadhali aulizwe amefanya nini leo.

Niseme mapema ni maumivu gani ninayozungumzia. Aliyevunjika mguu jana aulizwe kama unauma. Mwenye saratani au selimundu anahitaji dawa ya kutosha, si mahubiri ya mazoezi. Mimi nazungumzia maumivu yaliyozidi miezi 3, ambayo ndiyo wataalamu huyaita maumivu sugu, hasa ya mgongo, kiuno na magoti. Kufikia hapo, mara nyingi kilichoumia kimeshapona kadiri kitakavyopona, ila neva na ubongo vimezoea kushtuka upesi kwa mwendo ambao zamani haukuwa na neno. Maumivu hayo ni ya kweli. Mgonjwa hajifanyi, si mvivu, wala hajarogwa. Tatizo ni kwamba hayaaminiki tena kama habari ya hali ya mgongo wenyewe.

Na hapa ndipo picha zinapotuponza. Wagonjwa huingia na bahasha kubwa ya kaki mkononi, na neno la kwanza ni "Daktari, diski imetoka," yaani ule mto laini ulio kati ya mifupa ya uti wa mgongo. Mwaka 2015 watafiti walijumlisha tafiti nyingi za picha za migongo ya watu wasioumwa kabisa. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walionekana kuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80, ilikuwa asilimia 96. Hao ni watu wasio na malalamiko yoyote. Ripoti hiyo hiyo ikisomewa mama mwenye hofu bila maelezo, anaondoka akiamini uti wa mgongo utakatika akiinama kufagia. Nimeona watu wakitoka chumba cha picha wakitembea vibaya kuliko walivyoingia.

Wazo la kuangalia matendo badala ya maumivu si langu. Wilbert Fordyce, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, alilijenga miaka ya 1960 na 1970. Alichunguza kinachotokea kando ya kitanda. Mgonjwa akigumia, muuguzi anakuja, dawa inakuja, anaambiwa apumzike. Akitembea hadi mwisho wa korido, hakuna anayemtazama. Fordyce akageuza mambo: dawa ikatolewa kwa saa zilizopangwa, maumivu yawepo au yasiwepo; zoezi likawa la kiwango kilichopangwa; mapumziko yakawa malipo ya kumaliza, si ya kuumia. Wako wanaoona ukatili hapo. Ukimfanyia mgonjwa hivyo bila kumweleza wala kumsikiliza, ni ukatili kweli. Ukikaa naye mkapanga pamoja, ni kitu kingine.

Chukua mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye hapa Kisumu, ambaye nimegeuza mambo yake kidogo asitambulike. Alikuja akitaka sindano. Nilimwuliza ni kitu gani mgongo umemnyima ambacho kinamuuma zaidi ya mgongo wenyewe, nikitarajia aseme soko. Akasema matanga. "Siwezi kuketi mpaka mwisho. Naondoka kabla hawajazika, halafu watu wanasema najiona." Mtu aliyeishi Nyanza anajua uzito wa neno hilo. Ni kiti cha plastiki chini ya hema, tangu asubuhi hadi alasiri, hotuba baada ya hotuba, na anayeondoka mapema hukumbukwa.

Basi tukaanza na kiti. Siku mbaya aliweza kuketi dakika kumi na mbili hivi kabla ya kutafuta mahali pa kujilaza. Tukaweka kumi. Kengele ya simu inalia, anasimama hata kama hajaanza kuumia, anazunguka hadi jikoni, anarudi kuketi. Kila baada ya siku tatu tunaongeza dakika mbili, siku iwe nzuri au mbaya.

"Hata siku nzuri nisizidishe?"

Hata siku nzuri. Hili ndilo lililomshinda mwanzoni, na huwashinda karibu wote. Akiamka mwepesi alikuwa anafua mablanketi ya nyumba nzima, kisha analala siku tatu, na mwisho wa siku hizo tatu anaamini kazi ndiyo inayomuua. Siku nzuri ndizo zilizokuwa zikimwangusha. Tulihitaji asimame kwa sababu muda umefika, si kwa sababu mgongo umepiga kelele, mpaka mwili usahau kufungamanisha kila tendo na adhabu.

Kuinama kulikuwa na hofu yake. Gorogoro la omena, lile kopo la kupimia, aliliogopa kama nyoka. Tukaliweka juu ya stuli, wiki iliyofuata juu ya matofali mawili, mwishowe chini kabisa. Siku ya chini alifumba macho, akaziba pumzi, mabega yakapanda hadi masikioni. Nikamwambia ahesabu kwa sauti kwa Kijaluo, achiel, ariyo, adek, maana anayehesabu kwa sauti hawezi kuziba pumzi. Akainama, akachota, akasimama, akanitazama kana kwamba nimemficha kitu miaka yote hiyo. Maji nayo: mtungi wa lita 20 ni kilo 20, hakuna sababu ya kuanzia hapo. Alianza na vidumu viwili vya lita tano vya mafuta ya kupikia, kimoja kila mkono, vikiwa nusu.

Maumivu yaliisha? Hapana. Yalipungua kiasi, na bado yapo asubuhi za baridi. Lakini ameketi matangani hadi kaburi likafunikwa, kwenye kiti cha pembeni mwa hema ambapo anaweza kusimama bila kuvuka watu. Kwa kipimo cha maumivu peke yake, ningeandika kwenye faili kwamba hajapona.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa ya mwanawe. Kijana mwema, yuko Nairobi. Mama akisema hajambo, simu inakatika baada ya dakika moja. Akisema usiku hakulala, simu inakuwa ndefu, na jioni M-Pesa inaingia. Hakuna aliyepanga hivyo na hakuna aliyedanganya. Lakini hebu jiulize: ukiishi peke yako, na sauti ya mtoto inakuja na maumivu, mwili utajifunza nini? Nilimwomba atume pesa tarehe moja kila mwezi, mama awe mzima au mgonjwa, na apige simu jioni za siku za soko kuuliza omena imekwendaje. Alinyamaza kidogo, kisha akasema nampa kazi kana kwamba yeye ndiye mgonjwa. Kwa namna fulani, ndiyo.

Vivyo hivyo kwa mkamwana anayenyakua ufagio: "Acha, mama, utaumia." Mara mia moja za "acha" ni dawa mbaya. Mwache afagie upande mmoja wa uwanja.

Kuhusu yale mengine nitasema kwa ufupi kwa sababu yananichosha. Sindano ya diklofenaki ya kila Jumamosi kwenye kemisti inaharibu tumbo na figo, hasa kwa mzee mwenye presha. Mikanda ya mgongo inauzwa kila kona, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno ulishauri isitumiwe kama tiba ya kawaida. Na wenzangu wanaoandika "asiinue kitu kizito tena" wafikirie wanamwandikia nani. Kwa mwanamke wa Kano au Vihiga, mwenye maji, kuni na mtoto mgongoni, maneno hayo maana yake ni asiishi.

Kuna dalili ambazo hazingoji mpango wowote wa dakika kumi: mkojo au choo kutoka bila kujijua, ganzi sehemu za siri, miguu kuishiwa nguvu, homa, kupungua uzito, jasho la usiku, au historia ya saratani. Kifua kikuu huingia pia kwenye uti wa mgongo, na huku kwetu si ajabu. Mtu huyo aende hospitali leo.

Sasa pingamizi ambalo sina jibu zuri kwake. Njia hii ilikulia kwa watu wenye likizo ya ugonjwa. Kibarua wa miwa Mumias au wa maua Naivasha analipwa kwa kazi aliyomaliza, na msimamizi anataka mtu mzima au hataki mtu. Ukimwambia kibarua aongeze kazi kidogo kidogo, anauliza nani atamlipa hiyo kidogo. Nadhani waajiri wanajikosesha faida kwa ukaidi huo, maana mzoefu aliyerudi kwa nusu siku wiki mbili anashinda mgeni asiyejua kushika panga. Lakini sijaona wengi wakikubali, na mpango wangu hukwama hapo mara nyingi.

Penye tumaini zaidi ni nyumbani. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, na wengi wao ni majirani tu wenye begi. Wanaingia nyumba ambazo mimi sitaingia kamwe, kupima presha na sukari. Wakifundishwa kuuliza "wiki hii umefanya nini ambacho wiki jana hukufanya?", na kupigia makofi jibu lolote hata kama ni kumenya viazi umesimama, watafanya kazi ambayo zahanati haina muda nayo.

Na maumivu yatarudi, kwa sababu huwa yanarudi: baridi ya Julai, safari ndefu ya matatu, ugomvi wa shamba. Siku hiyo usirudi kitandani. Rudi nusu ya kiwango chako: kama ulikuwa unaketi dakika arobaini, keti ishirini, kama ulibeba vidumu vilivyojaa, beba nusu. Siku mbili hivyo, ya tatu panda robo tatu, ya nne endelea ulipoachia. Liandike hili kwenye karatasi wakati uko mzima na ulibandike mlangoni, maana maumivu yakishika, hakuna anayekumbuka alichokubaliana na daktari.